Watu Thelathini na Mmoja wa Fundi Majeneza

Mtu akikutazama kuanzia unyayo hadi utosi bila kusema neno, ama amekupenda, ama ni askari, ama ni fundi majeneza. Huyu wa hapa alikuwa fundi majeneza, na mtaa mzima ulimwita Vipimo. Hakuwa na nia mbaya na mtu. Miaka ishirini na sita ya kazi ilikuwa imempa jicho lisilojua likizo: ukimsalimia, kabla hajaitikia keshajua urefu wako, upana wa mabega yako, na kama utahitaji mbao tano au sita. Ndiyo maana watu hawakumsalimia sana. Wakikaribia banda lake, lililokuwa kwenye njia ya nyuma ya hospitali, walivuka kwenda upande wa pili, ingawa upande wa pili ulikuwa na mtaro wa maji machafu. Vijana waliruka mtaro. Wajawazito walizunguka mtaa mzima.

Mke aliwahi kuwa naye. Mama wa watu alivumilia miaka minne, kisha akarudi kwao na maelezo mafupi: hawezi kulala nyumba moja na mwanamume ambaye, akimkuta mkewe amejilaza, anasimama mlangoni na kufikiri. Vipimo alijitetea kwa wakwe kwamba alikuwa anafikiria kupanua kitanda. Hakuna aliyemwamini, na kusema kweli hata yeye mwenyewe hakuwa na uhakika.

Banda lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikaa majeneza yaliyokwisha kutengenezwa, yamesimamishwa ukutani kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Cha nyuma kilikuwa cha kazi: meza ndefu yenye jiriwa ya kubania mbao upande mmoja, randa tatu zilizopangwa kwa ukubwa, patasi zilizoviringishwa kwenye kitambaa chenye mafuta, makopo ya vanishi, sufuria ya gundi, na maranda ambayo kila Jumatatu yalikuwa chini ya kisigino na kila Ijumaa yamefika kwenye kifundo cha mguu. Redio ilikuwepo, ila ilikufa zamani, na haikutengenezwa kwa sababu fundi redio naye alikuwa mmoja wa wanaoruka mtaro.

Kilichomwingiza Vipimo mitandaoni si ujana, maana alikuwa na miaka hamsini na mbili, wala si tamaa. Ni kona. Asubuhi moja alimaliza kuunganisha kona ya jeneza, ile ya kukata meno kwenye ubao mmoja yakaingia kwenye mapengo ya ubao wa pili bila msumari hata mmoja. Aliigonga kwa kiganja, ikaingia kwa sauti ya mlango wa gari jipya. Wembe usingepita. Akageuka amwonyeshe mtu. Hapakuwa na mtu. Mteja wake kwa kawaida huja na macho mekundu na haraka, hana nafasi ya kusifia kona. Yule mwingine, anayelitumia jeneza lenyewe, ndiyo kabisa.

Basi akachukua simu aliyopewa na dada yake, akaiegemeza kwenye kopo la vanishi, akaitengua kona na kuiunganisha upya mbele ya kamera. Ilionekana mikono tu, mbao, na patasi. Ukurasa akauita Kona, akauacha hivyo hivyo, bila picha yake na bila kusema sanduku lenyewe ni la nini. Kila siku mbili tatu aliweka video nyingine. Mwaka mmoja na nusu baadaye alikuwa na wafuasi thelathini na mmoja.

Aliwajua wote. Si kwa sura, kwa maswali yao. Kulikuwa na fundi vitanda wa mji mwingine, mtu wa maneno mengi, aliyekuwa anabishana kuhusu gundi kana kwamba gundi imemchukulia mke. Kulikuwa na mlinzi wa ghala ambaye hakuwahi kushika msumeno maishani, ila alisema sauti ya randa inamtuliza kuliko dawa za hospitali. Kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyekuwa akijitengenezea kabati la vitabu kwa mwaka wa pili sasa, na kila mwezi akitoa taarifa kwamba mlango haujafunga. Na kulikuwa na Mama Mizinga.

Mama Mizinga alitengeneza mizinga ya nyuki, ile ya masanduku ya mbao. Alimpata Vipimo akitafuta namna ya kuunganisha kona zisizopitisha mvua, na salamu yake ya kwanza haikuwa salamu. Aliandika: “Fundi, patasi yako butu. Naisikia hadi huku.” Vipimo alikaa juu ya kigogo chake cha kukalia akasoma maneno hayo mara tatu. Katika miaka yote hiyo hakuna binadamu aliyewahi kumkosoa kazi. Wafiwa hawakosoi. Akanoa patasi, akarekodi upya, akauliza: “Na sasa?” Jibu likaja: “Sasa inakata. Awali ilikuwa inaomba.”

Tangu hapo wakawa na saa yao. Ilikuwa saa nne asubuhi, wakati gundi ya kwanza ya siku inakauka na fundi hana la kufanya ila kungoja. Yeye alituma picha au video fupi ya kona yake, mama naye akatuma ya kwake, wakasemana. Waliandikiana kuhusu mbao zinazopinda baada ya mvua, mikono inayouma asubuhi, na mume wa mama aliyefariki akiacha randa ambayo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Vipimo alimwogopa kwa miezi mitatu kabla ya kumwambia anatengeneza nini. Alipomwambia, akafunga simu haraka kama mtu aliyetupa jiwe kwenye kioo. Alipoifungua, alikuta: “Mimi masanduku yangu yanakaa wenye miiba, wewe yako yanakaa waliotulia. Tofauti ni kelele tu. Hebu nione kona ya kichwani.”

Alicheka peke yake mpaka paka wa hospitali akaondoka bandani.

Sasa aingie shemeji. Kila ukoo umejaliwa mtu mmoja anayejua kila kitu isipokuwa kazi, na ukoo huu ulikuwa na mume wa dada yake Vipimo. Aliwahi kuuza vidonge vya kupunguza tumbo, akiwa na tumbo. Aliwahi kufundisha watu kuongea mbele za watu, darasani kwake wakaja wawili. Wakati huo alikuwa mshauri wa mitandao. Alifika bandani siku moja kuomba vipande vya mbao vya banda la kuku, akaona Vipimo anachekelea simu, akaichungulia.

Akasoma idadi ya wafuasi kwa sauti. Kisha akaketi, kwa sababu kicheko cha namna ile hakifai kuchekwa mtu amesimama.

“Thelathini na mmoja, shemeji? Hata msiba wa mlevi unapata watu zaidi.”

Vipimo alijibu kwamba wanamtosha, wanajua kazi. Shemeji akasema kujua kazi si hoja, hoja ni wingi. Mtu akifungua ukurasa wako haangalii kona, anaangalia namba, akiona namba ndogo anajua hapa hapana kitu. Akaendelea kwa nusu saa, na Vipimo hakusikia hata neno, maana alikuwa amebaki kwenye ule msiba wa mlevi.

Tatizo ni kwamba aliujua. Wiki mbili nyuma alikuwa amepeleka jeneza kwa marehemu aliyekuwa na watu watatu, mmoja wao akiwa dereva wa gari la kubebea. Jeneza lina vishikio sita. Vipimo alishika vishikio viwili, mtu aliyepita njia akaombwa kushika kimoja. Njiani kurudi alikuwa amejaribu, kwa vidole, kuhesabu nani angemshikia yeye. Dada. Shemeji, kama hana mkutano. Hapo vidole vikaanza kukataa. Watu thelathini na mmoja wa kwenye simu hawakuwa na mikono ya kufika huko, na yeye alilijua hilo. Lakini shemeji aliposema wingi, Vipimo alisikia mikono.

“Inachukua muda gani?” akauliza.

“Miezi miwili, shemeji. Utakuwa na watu mpaka uwakimbie.”

Kazi ikaanza. Ukurasa ukabadilishwa jina, ukaitwa Pumziko la Kifalme. Vipimo akaingizwa kwenye kundi lililoitwa Tuinuane, lenye watu elfu kadhaa waliokula kiapo cha nifuate nikufuate, chini ya msimamizi muuza mawigi. Sheria zake zilikuwa kali kuliko za jela. Kila asubuhi, kuanzia saa nne hadi saa tano, kila mwanachama alipaswa kufungua kurasa hamsini za wenzake, aweke moyo, aandike neno la kutia nguvu, na apige picha ya ushahidi. Ukikosa siku moja unaonywa. Ukikosa mbili unatolewa, na wote waliokufuata wanakuacha kwa mpigo.

Kwa hiyo saa nne ilipofika, gundi ikikauka, Vipimo alikuwa ameinama juu ya simu akiweka mioyo kwenye keki. Keki, mawigi, viwanja, mahubiri, mafunzo ya kupika, mafunzo ya kufundisha mafunzo. Kidole kilichozoea kupapasa ubao kutafuta kasoro ndogo kama punje ya mchanga kilikuwa kinapita juu ya maisha ya watu bila kuhisi chochote. Neno la kutia nguvu alikuwa nalo moja, “Hongera”, akaliandika kila mahali, ikiwemo kwa mtu aliyetangaza kupotelewa na mbwa.

Wiki ya kwanza alimwandikia Mama Mizinga kwamba ana shughuli kidogo. Mama akajibu kwamba shughuli ni nzuri kwa fundi. Wiki ya pili hakumwandikia. Alijiambia kwamba ni kwa muda tu.

Kisha shemeji akasema kona zinachosha, watu wanataka kuona uso. Akamlaza Vipimo kwenye jeneza la mbao ngumu, akamwambia aamke taratibu, atabasamu, aseme: “Jaribu kabla hujahitaji.” Walirudia mara kumi na moja, kwa sababu Vipimo alipolala alikuwa anatazama juu na kusahau kuamka. Shemeji alidhani ni uigizaji mbaya. Haikuwa hivyo. Mle ndani palikuwa pamenyooka, pananukia mbao, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kulitazama jeneza lake kutoka upande ule. Aliona kona ya kichwani imeacha upenyo mdogo, akaumia roho.

Video hiyo ilienda kama moto wa nyasi. Ndani ya wiki tisa Pumziko la Kifalme lilikuwa na wafuasi elfu kumi na mbili, na shemeji alitembea mtaani akiwa amenyoosha shingo kama twiga aliyepandishwa cheo. Maoni yalimiminika. Mmoja aliandika: “Kazi safi, tunasubiri bidhaa mpya.” Mwingine aliuliza kama kuna la watu wawili. Wengine, waaminifu wa Tuinuane, hawakuangalia hata ni ukurasa wa nini: “Mungu azidi kukuongezea wateja, ndugu yangu, kila nyumba ikujue.” Vipimo alilisoma hili la mwisho mchana kutwa, akashindwa kuamua kama amebarikiwa yeye au umelaaniwa mji.

Katikati ya maoni mia sita chini ya video ile, kulikuwa na moja lililosema: “Kona ya kichwani haijakaa sawa.” Lilishuka na mafuriko. Hakuliona.

Mtaani nako mambo yalibadilika, kwa namna fulani. Watu waliacha kuruka mtaro. Walikuja hadi mlangoni, wakamweka Vipimo katikati, wakainua simu, wakapiga picha nao wakiwa wamekunja nyuso kama wafiwa, wakacheka, kisha wakavuka kwenda zao. Hakuna aliyekaa kwenye kigogo. Siku moja alimwambia binti mmoja wa hivyo asubiri kidogo amwonyeshe meno ya kona yanavyoingia. Binti akasema kwa adabu kabisa: “Ningependa sana baba, ila hiyo haitachukua muda mrefu?” Akaondoka na picha yake.

Ujumbe ulipozidi, shemeji akaweka mashine ya kujibu. Aliiandika mwenyewe, kwa mkono ule ule uliouza vidonge: “Asante sana mteja wetu mpendwa! Ujumbe wako ni wa thamani kwetu. Waambie na marafiki zako, na karibu tena!”

Hapa inabidi kueleza jambo la kazi hii. Muuza mkate husema karibu tena, kinyozi husema, hata daktari wa meno husema. Fundi majeneza hasemi. Siku ya kwanza unapoingia kazini, kabla hujafundishwa kushika randa, unafundishwa hivyo. Ukimaliza na mteja unasema “Haya, basi”, unatazama chini, na unamwacha aondoke bila kumtakia kurudi. Vipimo hakuwa amewahi kukosea. Na hakuisoma ile mashine ilivyoandikwa, kwa kuwa shemeji alimwambia ni mambo ya kitaalamu.

Aliisoma siku ya Jumanne, mikononi mwa mtu mwingine. Aliingia bandani mwanamume mmoja wa makamo, fundi bomba kwa jinsi suruali yake ilivyokuwa, akaweka simu mezani juu ya maranda. Alikuwa ameandika alfajiri kwamba baba yake amefariki, ni mtu mrefu, je, kuna saizi yake. Chini yake mashine ilikuwa imemshukuru, ikamwomba awaambie marafiki, ikamkaribisha tena.

Vipimo alisoma. Akarudia tangu mwanzo.

“Baba nilikuwa naye mmoja tu,” yule bwana akasema. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu anayetaka tu hilo lijulikane.

Vipimo aliomba radhi kwa maneno yote aliyokuwa nayo, na alikuwa na machache. Alimfuata yule bwana hadi nyumbani akampime marehemu mwenyewe, akarudi, akafanya kazi kutwa, akamaliza siku ya pili. Wakati gundi inakauka hakuweka mioyo kwenye keki ya mtu yeyote. Alimpigia shemeji simu akamuuliza mahali ujumbe wa watu unapokaa, akaufungua. Ulikuwepo ujumbe elfu moja na mia tisa.

Mtu mwingine angeangalia wa juu juu tu. Huyu alizoea kusafisha ubao kuanzia ncha moja hadi nyingine, kwa hiyo alianzia mwisho kabisa, wa zamani zaidi, akapanda mmoja mmoja, akiwa na hofu ya kukuta mfiwa mwingine. Akakuta watatu. Akawaandikia. Akakuta watu wa viwanja, watu wa mikopo, mtu aliyetaka kuolewa naye. Kisha akakuta jina la Mama Mizinga.

Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa wa Jumatatu ya wiki iliyopita. Mama alisema anapeleka mizinga kumi na minne shule moja ya mbali, na Alhamisi atabadilisha basi kwenye stendi ya mji wa fundi. Atakuwa na saa mbili, kuanzia saa nne asubuhi. “Hiyo si saa yetu? Tunywe chai. Nimevaa koti la kijani na nimebeba msumeno, hutanikosa.”

Mashine ikamwambia ujumbe wake ni wa thamani, awaambie na marafiki, karibu tena.

Mama akaandika: “Fundi, ni wewe huyo?”

Mashine ikamwambia karibu tena.

Jumatano: “Naona una watu wengi siku hizi. Mimi nitakuja hata hivyo. Usiponiona, nipo karibu na duka la magazeti.”

Karibu tena.

Alhamisi, saa nne na dakika tano: “Nimefika.”

Karibu tena.

Alhamisi, saa tano na nusu: “Nimenunua chai mbili kwa makosa. Nimekunywa zote.”

Karibu tena.

Alhamisi, saa sita kasoro: “Basi linaita. Ile kona ya kichwani kwenye jeneza ulilolala, fundi, ina upenyo. Nilidhani ungependa kuambiwa.”

Na mashine, kwa furaha ile ile, ikamwambia mama wa watu awaambie na marafiki zake.

Kutoka bandani hadi stendi ni mwendo wa dakika saba. Ukitembea polepole, kumi. Vipimo aliikumbuka Alhamisi ile vizuri, kwa kuwa picha za ushahidi zilikuwa bado kwenye simu, zimepangwa kwa saa. Saa nne na dakika tano alikuwa anampongeza mtu kwa keki ya ghorofa tatu. Saa tano kasoro alikuwa kwenye mawigi.

Aliandika. Aliandika kwamba haikuwa yeye, ilikuwa mashine, halafu akaona hilo ni kweli lakini halisaidii, akalifuta. Akaandika samahani. Akaandika kwamba ni kweli, upenyo upo, aliuona akiwa ndani. Ujumbe ulitoka lakini haukufika. Ulikaa na alama yake moja ya kijivu. Akatafuta jina lake kwenye orodha ya wafuasi, akipandisha kwa kidole majina elfu kumi na mbili ya watu waliomfuata bila kujua anakwenda wapi, hadi kidole kikafa ganzi. Hakuwemo. Wale thelathini wengine nao aliwaona kwa shida, wametawanyika kama skrubu zilizomwagika kwenye maranda.

Ndipo alipogundua kwamba hajui mama huyo anaishi mji gani. Mama alimuuliza wake zamani, yeye hakuwahi kuuliza. Hakujua jina lake halisi, wala sura. Alijua kidole gumba chake cha kushoto kina kovu, kwamba hunoa patasi kwa kuivuta na si kuisukuma, na kwamba akifikiri hugonga ubao mara mbili. Ukienda stendi na maelezo hayo hakuna atakayekusaidia.

Shemeji alipokuja, alishangaa kuambiwa aizime mashine.

“Shemeji, tuseme ukweli. Ni mtu mmoja. Katika elfu kumi na mbili hata haonekani.”

“Ndiyo,” Vipimo akasema. “Hakuonekana.”

Shemeji akaizima, akaondoka akilalamika kwa dada kwamba ndugu yako hafai kusaidiwa. Vipimo akatolewa Tuinuane baada ya siku mbili. Walioapa kumwacha hawakumwacha. Wengi walikuwa wameshasahau kwamba wanamfuata.

Wiki iliyofuata alifanya jambo ambalo fundi mwingine angemtenga kwa ajili yake. Aliharibu kona kwa makusudi. Alichukua mbao mbili nzuri, akakata meno mapana kuliko mapengo, mengine mafupi, moja likiwa limepinda. Kazi hiyo ilimchukua muda mrefu kuliko kona nzuri, kwa sababu mikono ilikuwa inakataa. Kila alipozubaa ilikata sawa. Akapaka gundi nyingi hadi ikatoka nje kama kamasi za mtoto. Akaegemeza simu kwenye kopo la vanishi, akarekodi mikono tu, kama zamani, na patasi ambayo hakuinoa. Akaiweka ukurasani saa nne kamili. Akakaa juu ya kigogo.

Alijua anachokitega. Kuna mtu mmoja duniani ambaye, hata kama ameapa kutokanyaga tena kwenye ukurasa ule, asingeweza kuiona kona kama ile na kunyamaza. Ilimradi tu aione.

Mioyo ikaanza kuingia. Mia. Mia nane. Hadi jioni ilikuwa elfu nne. Watu waliandika “Kazi safi”, wakaandika “Mikono ya dhahabu”, wakaandika “Huyu ndiye fundi sasa”. Mmoja aliomba afundishwe kona hiyo hiyo. Vipimo alisoma kila neno, siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu, na kila simu ilipolia alishtuka kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Elfu nne wamepita mbele ya uozo ule, na hakuna hata mmoja aliyekunja pua.

Siku ya nne, saa nne na robo, likaja hili: “Fundi, unaumwa? Kwenye hiyo kona panya anapita na mizigo yake.”

Alikimbilia jina la mwandishi kabla hajamaliza kusoma. Alikuwa fundi vitanda.

Vipimo aliandika kwamba amefanya makusudi. Akafuta. Akaandika: “Siumwi. Nimekosea.”

Fundi vitanda, kama kawaida yake, akamwaga maneno: kwamba gundi ile ni ya kubandikia kalenda, kwamba alishasema tangu mwanzo, kwamba video za siku hizi alikuwa hazioni, akadhani fundi kaacha kazi kawa mchekeshaji. Mwisho akauliza: “Na yule mama wa mizinga yuko wapi? Alikuwa ananisema mpaka naona haya, sasa namkosa.”

Vipimo akaanza kujibu. Aliandika habari yote, mashine, keki, stendi, ikajaa kioo kizima. Akaifuta yote, akabakiza kidogo.

“Alipita huku. Sikwenda kumpokea.”

 Kisha fundi vitanda akauliza kama hiyo kona ataiacha hivyo au ataitengua. Vipimo akasema ataitengua. Fundi vitanda akasema apige simu ya video, amwangalie asije akapasua ubao, maana kwa gundi ile lolote linawezekana.

Akapiga. Ukatokea uso mpana wenye vumbi la mbao kwenye nyusi, ambao Vipimo hakuwahi kuuona, na bila kutaka akakadiria: mbao sita. Wakasalimiana kama watu wanaojuana. Akaegemeza simu, akashika nyundo ya mbao, akaanza kuigonga kona taratibu kwa chini, jino moja moja. Fundi vitanda alimwelekeza, akabisha, akamwambia aloweshe kwanza kwa maji ya moto. Halafu kwa mbali sauti ya mwanamke ikaita kwamba chakula kinapoa.

“Wewe endelea, nakuja sasa hivi,” fundi vitanda akasema, akailaza simu mezani.

Kioo kikaonyesha paa, mabati na boriti mbili. Zilisikika sahani, na watu wakicheka, wengi, wa rika zote. Vipimo alisubiri kidogo. Kisha akaweka maji ya moto kwenye kona, akaendelea kugonga, akitazama mabati ya watu.